Maswali ya Wasomaji: Timu ya Softboli Iwe na Wasichana Wangapi, na Wangapi Kati Yao Warushe?

Wazazi na makocha wanaoishi Marekani wametuandikia kuhusu softboli ya kusafiri, ile ya timu za wasichana zinazohama mji hadi mji kila wikendi ya mashindano. Kwa asiyeufahamu mchezo huu, ni ndugu wa besiboli. Wachezaji tisa wako uwanjani. Mrushaji huzungusha mkono duara zima na kuuachia mpira chini, karibu na nyonga. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji na kuudaka. Kila timu ikishapiga na kulinda mara moja, iningi moja imekwisha. Barua ni nyingi, lakini karibu zote zina mzizi mmoja: idadi ya wasichana iliamuliwa kabla mtu hajahesabu mirusho.

Nimekubali kufundisha timu ya wasichana wasiozidi miaka 12 hapa Des Moines. Waliokuja kwenye majaribio ni 17, na wazazi wenzangu wananishauri nichukue 15 ili ada iwe nafuu kwa kila mtu. Nichukue wangapi?
*Kocha mpya, Iowa*

Chukua 12, kocha, na wanne kati yao wawe wanarusha. Tunajua 15 inavutia. Ikiwa gharama za msimu ni, tuseme, dola 9,600, familia 12 zitalipa 800 kila moja, na familia 15 zitalipa 640. Lakini hizo dola 160 mtoto ndiye anayezilipa kwa kukaa benchi, na mwezi wa tano mzazi yule yule aliyefurahia nafuu ndiye atakayekusubiri kwenye maegesho ya magari.

Weka vichwa kando kwanza, uhesabu mirusho. Mechi za umri huo huwekewa kikomo cha muda, kwa hiyo nyingi huishia iningi nne au tano. Mrushaji wa miaka 11 hutumia mirusho 15 hadi 20 kwa iningi, shika 17. Mechi ya iningi tano basi ni mirusho 85. Madaktari wa michezo wa Marekani, kupitia kampeni yao iitwayo STOP Sports Injuries, wanashauri msichana wa miaka 10 hadi 12 asivuke mirusho 65 kwa mechi wala 95 kwa siku, kwa siku mbili mfululizo, na siku ya tatu asirushe kabisa. Umeshaona: hata mechi moja ya kawaida inahitaji warushaji wawili.

Sasa tazama wikendi nzima. Jumamosi ni hatua ya makundi, mechi mbili, mirusho 170. Warushaji wawili wanaitosha, kwa kubanana. Jumapili ni mtoano, na ukifanya vizuri utacheza mechi tatu: mirusho 255. Warushaji watatu wakifika kikomo wanakupa 285. Akiba yako ni mirusho 30, isiyofika iningi mbili. Iningi moja mbaya, yenye besi za bure (mpigaji kupewa kituo cha kwanza bila kupiga, kwa kuwa mrushaji amekosea mara nne) na makosa mawili ya walinzi, humeza mirusho 35 kwa urahisi, na akiba imekwisha. Tena mashindano yakiwa ya kutolewa baada ya kupoteza mara mbili, timu iliyopoteza asubuhi inaweza kujikuta na mechi nne au tano siku hiyo hiyo. Mechi nne ni mirusho 340. Hapo bila mrushaji wa nne utamvunja mtoto wa mtu.

Kwa nini tusiende hadi 14? Kwa sababu ya muda wa kucheza. Ukiwa na 12, kila msichana anapata robo tatu ya iningi za ulinzi. Katika iningi 25 za wikendi anakaa nje kama sita. Ukiwa na 14 anakaa nje karibu tisa. Kwenye kupiga ni vilevile: mechi yenye wapigaji 22 humpa kila mmoja wa 12 zamu karibu mbili, na wikendi ya mechi tano ni zamu tisa. Ukishuka chini ya 11 tatizo linageuka: homa moja na harusi moja ya ukoo, timu imebaki na tisa na benchi ni tupu kwenye jua la mwezi wa saba.

Kosa tunaloliona mara nyingi halimo kwenye idadi, limo kwenye mpangilio. Kocha ana warushaji wanne, lakini wa pili ndiye shotistopu wake bora (mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu) na wa tatu ndiye mdakaji. Siku ya kumwita shotistopu arushe, msichana wa besi ya tatu anasogea kuziba pengo, wa uwanja wa nje anaingia besi ya tatu, na wa benchi anakwenda nje. Watoto wanne wamehama ili kubadilisha mrushaji mmoja, na mpira wa kwanza unapigwa kwenye nafasi ambayo mtu ameishika sasa hivi. Mdakaji ndiye mbaya zaidi kumtegemea: akija kurusha miguu imeshachoka kwa kuchuchumaa, na mkono umeshatumika kurudisha mpira mchana kutwa. Kwa hiyo kwenye majaribio andika majina kwa minyororo: fulani akirusha, nani anashika nafasi yake, na huyo naye anaachia nini. Mnyororo ukizidi watu wawili, tafuta mwingine. Uwe pia na wadakaji wawili kamili na wa tatu anayejifunza, na usimhesabu mrushaji wako wa kwanza humo.

Na tafadhali usiandike kwenye orodha jina la mrushaji ambaye moyoni unajua hutathubutu kumtumia siku ya Jumapili.

Binti yangu ana miaka 12 na ndiye pekee anayerusha kwenye timu yake. Wikendi iliyopita alirusha mechi zote nne za Jumapili. Bega linamuuma kwa mbele, na kocha anasema kurusha kwa mkono wa chini hakuumizi kama kurusha kwa besiboli. Ni kweli?
*Mama, Louisville, Kentucky*

Hapana, mama. Imani hiyo imezagaa sana na imewaumiza wasichana wengi. Mpira unapoachiwa, mkono unavutwa kutoka begani kwa nguvu inayokaribiana na ile ya mrushaji wa besiboli, na msuli wa mbele wa mkono, ule unaotuna ukikunja kiwiko, hufanya kazi kubwa kuuzuia. Ndiyo maana maumivu ya mrushaji wa softboli mara nyingi huanzia mbele ya bega, hapo hapo unapopataja. Mifupa ya mtoto wa miaka 12 bado inakua, na sehemu zinazokua ndizo dhaifu.

Mechi nne za iningi tano kwa mirusho 17 ni mirusho 340 ndani ya siku moja, wakati kikomo kinachoshauriwa ni 95. Hata mechi zikiwa fupi, bado ni zaidi ya mara mbili. Besiboli ya watoto Marekani ina vikomo vya mirusho vinavyofuatwa. Shirika la Little League, kwa softboli ya watoto, linahesabu iningi: zisizidi 12 kwa siku, na aliyerusha katika iningi saba au zaidi apumzike siku nzima inayofuata. Kwenye timu za kusafiri mashindano mengi hayaweki kikomo chochote, na mwamuzi hatamzuia. Mwenye kumlinda ni wewe na kocha.

La kufanya sasa: asirushe hadi bega litulie kabisa, si hadi lipungue kuuma. Kama maumivu hayajaisha baada ya siku chache za kupumzika, au yanamwamsha usiku, au vidole vinapata ganzi, mpeleke kwa daktari wa michezo wa watoto. Dawa ya kutuliza maumivu kabla ya mechi usimpe. Inaficha taarifa unayoihitaji.

Kisha zungumza na kocha kabla ya wikendi, si katikati ya mechi watu wakitazama. Sema kwa upole na kwa namba: "Kocha, kuanzia sasa binti yangu ana mirusho 65 kwa mechi na 95 kwa siku. Nitahesabu mwenyewe na nitakuambia akifika 50." Nunua kihesabio cha kubonyeza kwa kidole, kaa nyuma ya wavu. Programu ya GameChanger nayo huhesabu, mradi anayeingiza matukio yuko makini. Mirusho ya kupasha mwili na ya mazoezi ya kati ya wiki iandike kwenye safu yake. Aliyerusha 80 na mwalimu wake Ijumaa jioni hajaanza Jumamosi na mkono mpya.

Kwa wenye watoto wa umri mwingine, ushauri huo huo unasema: miaka 8 hadi 10, mirusho 50 kwa mechi na 80 kwa siku, siku ya tatu apumzike; miaka 13 na 14, mirusho 80 kwa mechi na 115 kwa siku, siku ya tatu isizidi 80; kuanzia 15, mirusho 100 kwa mechi na 140 kwa siku, siku ya tatu isizidi 100. Uangalie vizuri mstari wa siku ya tatu kama timu inakwenda mashindano ya Ijumaa hadi Jumapili. Wasiozidi miaka 12 waliorusha Ijumaa na Jumamosi hawapaswi kurusha fainali.

Uchovu unaonekana kabla ya maumivu. Tazama mkono wenye glovu: ukianza kuning'inia badala ya kunyoosha kuelekea kwa mdakaji, mwili umechoka. Hatua yake inafupika. Pima alama ya mguu kwenye udongo na uilinganishe na ya iningi ya kwanza. Mipira inaanza kupaa juu ya eneo la straiki, pale mpira unapopaswa kupita mbele ya mpigaji, mmoja baada ya mwingine. Na kati ya mirusho anajikanda bega akidhani hamna anayemwona.

Hata wakubwa wana mwisho wao. Mwaka 2025, kwenye michuano ya ubingwa wa vyuo vikuu kule Oklahoma City, NiJaree Canady wa Texas Tech alirusha kila mpira wa timu yake hadi mchezo wa tatu wa fainali. Katika iningi ya kwanza ya mchezo huo Texas walimfunga mara tano, akatolewa, na Texas wakashinda 10–4. Huyu alikuwa mwanamke mzima, miongoni mwa warushaji bora nchini humo.

Tuna warushaji watatu kwenye karatasi, lakini mechi ikikaza tunamrudia yule yule. Wa pili na wa tatu hawaendelei kwa sababu hawachezi, na hawachezi kwa sababu hawaendelei. Tutokeje hapa?
*Kocha msaidizi, Columbus, Ohio*

Umelieleza vizuri kuliko wengi. Mnatoka kwa kupanga iningi zao kabla ya wikendi na kutoibadilisha ratiba hata ubao wa matokeo useme nini.

Alhamisi jioni chukua kadi ngumu. Andika mechi za Jumamosi, na chini ya kila moja iningi na jina. Mfano wa kadi inayofanya kazi: mechi ya kwanza, wa tatu arushe iningi ya 1 na 2, wa pili amalizie. Mechi ya pili, wa kwanza arushe iningi tatu tu, wa tatu amalize kama ana mirusho. Mrushaji wa kwanza anaingia Jumapili akiwa ametumia kama mirusho 50. Katika mashindano mengi matokeo ya makundi hupanga tu nani akutane na nani kwenye mtoano; hayamtoi mtu. Hapo ndipo pa kulipia masomo. Bandika kadi kwenye wavu wa benchi, na uwaambie wasichana Alhamisi hiyo hiyo. Mtoto anayejua kwamba ana iningi mbili zake, hata akitoa besi tatu za bure, hurusha tofauti na yule anayekutazama kila mpira akihofia kutolewa.

Halafu namna ya kumwingiza. Wengi humwita wa tatu besi zikiwa zimejaa na hakuna aliyetoka, kwa sababu wa kwanza amechoka. Hapo unamwonyesha timu nzima akishindwa. Mwingize mwanzo wa iningi, besi tupu, na ulinzi wako bora kabisa nyuma yake. Anayerusha taratibu hupigwa zaidi, kwa hiyo yeye ndiye anayehitaji shotistopu mzuri. Yule anayewakosesha wapigaji wengi anaweza kuvumilia walinzi wanaojifunza. Makocha hufanya kinyume: wanawapumzisha walinzi bora siku ya mrushaji dhaifu, wakisema mchezo huu si muhimu, kisha wanamlaumu mrushaji.

Usidharau pia tofauti ya mwendo. Wapigaji wakishamwona mrushaji mmoja mara mbili wanazoea kasi yake, na mara ya tatu wanampiga. Kumleta mtu wa polepole baada ya mtu wa kasi kunawavuruga. Wanapiga mapema, mpira unakwenda nje ya mstari. Huhitaji mtu wa pili anayefanana na wa kwanza. Chuo Kikuu cha Oklahoma, waliomaliza msimu wa 2023 wakiwa wameshinda 61 na kupoteza mmoja, waligawana kazi kati ya Jordy Bahl, Nicole May na Alex Storako, kila mmoja na mipira yake.

Kwenye mazoezi, wape wa pili na wa tatu vipindi vitatu kwa wiki, mirusho 40 hadi 60 kila kimoja, na mdakaji halisi, si baba aliyekaa kwenye ndoo. Kipimo chetu cha kuingia mechini ni rahisi: katika mirusho 20 kutoka umbali kamili, 12 iwe straiki, siku tatu tofauti. Akishafika hapo, mfundishe mpira mmoja wa kupunguza kasi kwa mwendo ule ule wa mkono, na uishie hapo. Mipira ya kupinda na ya kupanda ingoje. Kwa umri wa miaka 12, straiki ya chini nje na mpira wa polepole vinatosha kutoa wapigaji wengi. Mara moja kwa wiki aweke mpigaji halisi mbele yake, kwa sababu yuko msichana anayerusha straiki 16 kati ya 20 peke yake na kupotea kabisa mtu akisimama na gongo. Na avae barakoa ya uso kila anaporusha. Kutoka futi 40, mpira uliopigwa vizuri unarudi kabla hajainua glovu.

Weka pia sheria ya kumtoa, ya wote, inayojulikana: amefika kikomo cha mirusho, au amefikisha mirusho 30 ndani ya iningi moja. Hiyo ya 30 ni muhimu kuliko inavyoonekana, maana mirusho mingi bila kupumzika inachosha mkono kuliko idadi hiyo hiyo ikigawanywa. Anayetolewa mwambie kwa sauti ya kawaida, "Umefika 30, asante, nenda besi ya kwanza." Besi ya kwanza hatupi mipira mirefu sana. Usimpeleke shotistopu wala kudaka. Kanuni nyingi zinamruhusu arudi kurusha baadaye ikiwa hakutoka mchezoni, ila kocha akienda kwa mrushaji mara nyingi kuliko inavyoruhusiwa, mrushaji huyo huondolewa na harudi tena kurusha.

Kanuni ya DP na Flex inasaidia kumpumzisha mrushaji?
*Baba, Phoenix, Arizona*

Inasaidia. DP anapiga badala ya Flex, ambaye analinda tu. Kwa hiyo unahitaji wachezaji 10. Mrushaji asiyepiga vizuri muweke Flex. Mrushaji anayepiga vizuri lakini mkono wake umefika kikomo muweke DP, apige bila kurusha kitu. Katika hatua ya makundi, mahali timu zinaruhusiwa kupigisha wasichana wote, haina faida kubwa. Sambamba nayo, tumia mkimbiaji wa msaada kila mrushaji au mdakaji anapofika besi. Mdakaji apate dakika za kuvaa vifaa, na mrushaji anywe maji kivulini. Makocha wengi husahau haki hii iliyo wazi kwenye kitabu cha kanuni.

Wawili wameumwa, mmoja kasafiri, tumebaki wanane. Tunaweza kucheza?
*Meneja wa timu, Dallas, Texas*

Mashindano mengi yanaruhusu kuanza na wanane, ila nafasi ya tisa ikifika zamu ya kupiga inahesabiwa ametoka. Kanuni za mashirika yanayosimamia mashindano, yaani USA Softball, USSSA na PGF, hazifanani katika hili wala katika wachezaji wa kuazima, kwa hiyo soma za shindano lenyewe. La haraka: mchezaji wa kuazima lazima awe kwenye orodha yako rasmi kabla ya mechi ya kwanza, akiwa na uthibitisho wa umri na bima. Jambo hili lifanye Jumatano. Ukiazima, azima mlinzi au mpigaji, na warushaji wako wabaki wakirusha. Ukiazima mrushaji kila mara, wa tatu wako hatakua.

Mwakani timu yetu inapanda ngazi ya miaka 14. Warushaji wanne tulionao watatosha?
*Kocha, Minneapolis, Minnesota*

Kwa idadi, ndiyo, hata watatu wazima wanaweza kutosha kwa sababu kikomo kinapanda. Kwa umbali, jiandae. Mpira ni ule ule wa inchi 12, lakini wanatoka futi 40 kwenda 43, karibu mita moja zaidi, na mrushaji wa tatu aliyekuwa anapata straiki 12 kati ya 20 anaweza kushuka hadi 8. Usimsogeze kwa mkupuo. Anza mwezi wa kumi: futi 41 kwa wiki mbili, 42 kwa wiki mbili, kisha 43, na kila hatua asisonge mbele hadi arudi kwenye 12. Akilazimishwa mapema anaanza kujipinda mgongo na kuusukuma mpira kwa bega ili ufike, na tabia hiyo ni ngumu kuitoa.

Pima mwenyewe kwa utepe. Umbali unaanzia ukingo wa mbele wa ubao wa mrushaji hadi ncha ya nyuma ya besi ya nyumbani, pale pembe mbili zinapokutana. Wazazi wengi wanaotengeneza uwanja nyuma ya nyumba hupimia ukingo wa mbele wa besi hiyo, yenye urefu wa inchi 17, na mtoto anafanya mazoezi majira yote ya baridi akiwa mbali kwa karibu futi moja na nusu kuliko inavyotakiwa.